Nauli ya Bega

Baba yangu alichagua nyumba kwa kuangalia mteremko. Mama ndiye aliyenisimulia, na kila akisimulia alicheka huku akitikisa kichwa, kama mtu anayesamehe kosa lile lile tena na tena. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kiganda, alikuwa na nyumba mbili za kupangisha pale Kisugu. Moja ilikuwa kando ya bomba la maji, mahali tambarare, ina ua wa kuanikia nguo. Nyingine ilikuwa juu kidogo, kwenye kona ambako barabara ya udongo inaanza kushuka kwa kasi kwenda bondeni. Mama alisimama penye bomba, tayari anawaza mahali pa kuweka sigiri yake ya mkaa. Baba akapanda hadi konani, akachuchumaa, akafumba jicho moja na kuitazama barabara kama seremala anavyoutazama ubao, akasema ni hapa. Basi utoto wangu wote Mama alipandisha madumu ya maji kilimani kwa sababu gari la Baba halikuwa na stata.

Lilikuwa gari refu la Kifaransa, safu tatu za viti, rangi ya chai iliyozidiwa na maziwa. Baba alilinunua muda mfupi baada ya vita, wakati magari ya Kampala yalikuwa ni yale tu yaliyofichwa yakaponea. Hili lilifichwa upande wa Bombo, kwa ndugu zetu Wanubi, chini ya kuni na majani ya migomba, na bado lilikuwa na tundu la risasi kwenye buti, ambalo Baba aliliziba kwa kizibo cha mpira. Watu wakiuliza, anajibu kwamba kila mtu wa umri ule ana kovu lake. Mimi nilizaliwa baadaye. Nilipopata akili nililikuta gari limeshakuwa mkubwa wetu sote, na asubuhi lilihudumiwa kabla ya watoto.

Stata ilikuwa imekufa zamani, na nyingine ya kufaa haikupatikana mji mzima. Betri nayo ilibaki na nguvu za honi tu, na hata honi yenyewe ililia kama mbuzi mwenye mafua. Kwa hiyo jioni Baba aliligeuza gari, akaliegesha pua ikitazama bondeni, akaweka jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi jiwe linatolewa, watu wanalisukuma kutoka kwenye ule usawa wa kona mpaka linapoanza kuteremka lenyewe, Baba anatia gia ya pili, anaachia klachi, gari linashtuka, linakohoa, linawaka. Mimi nikiwa mdogo niliamini Mungu aliumba vilima vya Kampala kwa ajili ya magari yasiyo na stata. Niliwahurumia kweli watu wa miji tambarare. Nilijiuliza wanafikaje kazini.

Pale kwetu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitangaza. Anayesukuma anapanda. Baba alikuwa dereva wa teksi ya kukodi, spesho, na steji yake ilikuwa Ntinda. Asubuhi alikwenda huko gari likiwa tupu, na viti vilikuwa vya yeyote aliyeleta bega lake. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisukuma akashuka penye njia kuu. Wanafunzi walisukuma kwa kelele nyingi na nguvu kidogo. Mwenye nyumba hakusukuma. Alisimama barazani na gomesi yake, lile vazi refu la Kiganda, amejifunga vizuri, akitoa amri kama ofisa wa polisi, na akiona mtu anajifanya kusukuma alimwita kwa sauti amuulize kama gari ni mto wa kulalia.

Mtu mmoja alikwenda na Baba mpaka mwisho wa safari, na huyo ndiye ninayetaka kumweleza.

Alikuwa Mkongo, ametoka mashariki ya kwao kwa sababu ya vita vyao, akapanga chumba nyuma ya nyumba yetu pamoja na mke wake. Aliuza vitenge. Kila asubuhi alikuwa na robota lake kubwa limefungwa kwa shuka, akizunguka nalo Ntinda kwenye saluni na maofisi na milango ya watu wenye mageti. Sisi watoto tulimwita Baba Mdogo. Yeye alimwita baba yangu Yaya, ambalo kwao ni jina la ndugu mkubwa, ingawa wanafunzi wa Kisugu walilicheka, maana kwao yaya ni mtu wa kulea watoto. Hakujali. Alisema Yaya analea gari.

Mahali pake pa kusukumia palikuwa pa kushoto, mbele, kwenye nguzo ya mlango. Mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine unashika mlango ulio wazi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa pale, kwa sababu palihitaji ujuzi: gari likishawaka Baba hasimami, akisimama linazima na kilima kimeshaisha, kwa hiyo yule wa nguzo alikimbia nalo na kurukia ndani likiwa linakwenda. Baba Mdogo alikuwa mnene kidogo, tena mwenye heshima zake, na bado alirukia kile kiti kama paka anavyorukia dirisha. Wengine walipanda chini bondeni, pale gari lilipopunguza mwendo kwenye matuta. Robota lilikuwa limeshapakiwa tangu alfajiri.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao. Ijumaa ilikuwa ya Baba na msikiti, Jumapili asubuhi ya Baba Mdogo na kanisa lake la Wakongo, ambako alipiga tarumbeta. Akirudi anavua suti, anavaa kaptula, wawili hao wanafungua boneti na kuinama ndani mpaka unaona makalio tu. Baba alifungua kile kifuniko cheusi kilichogawa moto kwa plagi, akasugua platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana, kwa msasa uliolainika, kisha akapima mwanya wake kwa kipande cha pakiti ya sigara. Plagi zikiwa zimelowa mafuta zilipelekwa kwa Mama. Mama alikuwa anasuka sinia zake za Kinubi za kufunikia chakula karibu na sigiri, na alizichoma zile plagi kwenye makaa pembeni ya sufuria, akizigeuza kwa koleo kama mihogo, huku akilalamika kwamba chai ya nyumba hii ina ladha ya petroli. Ilikuwa kweli. Mpaka leo chai isiyo na ladha ile naiona kama imesahaulika kitu.

Kazi ya Baba Mdogo ilikuwa pumzi. Kabureta ina vitundu vidogo sana ambavyo petroli hupita, na uchafu ukiingia gari linajikwaa njiani kama mtu mwenye kigugumizi. Baba alikuwa amepoteza meno ya mbele, akipuliza hewa inamtoka pembeni. Basi anamkabidhi mwenzake, naye anafuta kile kitundu kwa kitambaa, anafunga macho, anajaza mashavu, anapuliza kama yuko mbele ya madhabahu. Petroli ilimrukia mdomoni. Alitema, akasukutua kwa maji, akasema sauti imetoka safi. Mke wake alisema siku moja mtu atawasha kiberiti karibu naye kanisani na ibada itaisha mapema.

Nawaza kwamba wanaume wale wawili hawakuwahi kuambiana neno lolote kubwa. Niliwasikiliza miaka, nikiwa nimekaa kwenye ngazi nikiwa na ndoto zangu, nikijiona naendesha lile gari mpaka Arua, mpaka Goma, kitenge kinapepea dirishani. Walizungumza juu ya kibati hiki na mpira ule. Lakini mle ndani, kati ya neno na neno, niliyajua mambo ya watu wa Baba Mdogo waliofia njiani, na nilijua Baba alivyopoteza kaka yake wakati wa vita. Yalisemwa yakielekezwa kwenye injini. Mtu akitazama injini anaweza kusema kitu ambacho hawezi kukisema akimtazama mtu.

Kisha vipuri vikaanza kutoweka. Kwanza maduka ya mjini yaliacha kuvileta, halafu wauzaji wenyewe wakawa vijana ambao, ukiwaonyesha kipande, wanakigeuza mkononi kama mfupa wa mnyama wasiyemjua. Baba alipohitaji ule mpira mwembamba wa ndani ya pampu ya petroli, alitafuta wiki kadhaa, akarudi na mipira ya mapikipiki na ya mashine za kusaga. Ulikuja kutoka Kongo. Baba Mdogo aliwaagiza wafanyabiashara wa kwao, ambako magari yale bado yalikuwa yanakimbia kwenye matope, na siku moja alifungua robota lake mbele ya Mama, akakunjua kitenge cha ndege wa bluu, ndani yake mpira mweusi umelala kama kito. Tangi lilipotoboka alilisiliba kwa sabuni ya kufulia, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Sabuni ile ilidumu kuliko mafundi watatu waliolichomelea baadaye.

Lililoliua gari halikuwa kipuri. Steji ya Ntinda ilikuwa pembeni ya barabara yenye mteremko mdogo, na hapo Baba aliegesha kwa amani. Likajengwa duka kubwa la kisasa, madereva wa spesho wakahamishiwa mbele yake, kwenye maegesho ya matofali, tambarare kama sinia. Abiria anatoka na mifuko yake, anakuta dereva anawaomba walinzi wamsukume. Mara ya kwanza walicheka na kumsukuma. Baadaye walicheka tu. Baba alijaribu kuacha injini ikiunguruma kutwa, lakini petroli ya siku ikawa inaliwa na kusubiri.

Kaka yangu alikuwa dereva Juba wakati huo. Alikuja na gari dogo la Kijapani, jeupe, kwa ajili ya Baba. Ninamshukuru kaka yangu, nisieleweke vibaya. Tulikuwa tunashindwa. La zamani likauzwa kwa watu wa vyuma wa Kawempe, wakalikata huko huko, na nilipoambiwa nililia kama mtu aliyefiwa, mpaka Mama akaniambia nisilie machozi ya chuma, nitakuja kuyahitaji kwa wanadamu.

Gari jipya halikuwa na choki ya kuvuta, halikuwa na klachi. Unageuza ufunguo, linawaka kwa sauti ya friji.

Asubuhi ya kwanza Baba Mdogo alitoka na robota lake, akaenda moja kwa moja kushoto, mbele, akaweka mkono kwenye nguzo. Baba alikuwa ameshakaa ndani. Akamwambia kupitia dirishani kwamba leo ni kuingia tu. Baba Mdogo akaingia. Viti vilikuwa bado na nailoni ya dukani, vilimlilia alipokaa. Robota likaenda kwenye buti, kwa sababu kiti cha nyuma lazima kibaki safi kwa abiria. Wakaondoka bila mtu yeyote wa Kisugu kujua, kwa kuwa hakukuwa na kelele. Mwenye nyumba alitoka barazani akiwa amejiandaa kuamrisha, akakuta barabara tupu.

Wengine waliacha kuja, hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mwalimu alisema hawezi kupanda gari la mtu bure kila siku kama mzigo. Wanafunzi walipata njia zao. Baba Mdogo peke yake aliendelea, lakini niliona anavyokaa: ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mtu yuko kwa daktari. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kinachomsumbua. Nauli yake ilikuwa bega, na gari hili halikulitaka.

Akatafuta nauli nyingine. Siku moja niliamka na mwanga wa kwanza kwenda bombani, nikamkuta ameshapandisha dumu la maji kilimani, amekunja suruali, anaosha gari la Baba. Aliosha magurudumu, akasugua taa, akafuta vioo kwa kipande cha kitenge. Kesho yake tena. Baba hakujua, alidhani ni umande au ni mimi. Siku ya nne au ya tano hivi akatoka mapema, mswaki mdomoni, akamwona mwenzake amepiga magoti penye gurudumu.

Nilikuwa mlangoni. Baba alitoa mswaki mdomoni. Kisha akamuuliza anafanya nini.

"Naiosha, Yaya. Ililala na vumbi."

"Weka chini hiyo ndoo," Baba akasema. "Wewe si kijana wa kuosha magari."

Baba Mdogo alisimama, akakamua kitambaa taratibu, maji yakamwagikia miguuni mwake. Akauliza, "Sasa kwa hii gari mimi kazi yangu ni nini?"

"Kazi yako ni kukaa tu, ndugu yangu. Mbona jambo dogo? Ingia, ukae."

"Kukaa si kazi, Yaya."

Hakusema kwa hasira. Akaimwaga ndoo kando ya barabara, akaileta pale nilipokuwa, akaniambia, "Shika, mama," kama alivyozoea kuniita. Asubuhi ile hakwenda na Baba. Alisema tumbo halijatulia. Kesho yake alitoka kabla yetu, robota kichwani, akashuka kilima kwa miguu hadi kwa vijana wa boda.

Nimejaribu sana kumtafuta mwenye kosa na simwoni. Baba alikuwa amemheshimu. Kwake yeye, mpiga tarumbeta wa makamo, baba wa watu, hapaswi kupigia magoti gurudumu la mtu mwingine, na kama angeruhusu hilo angejidharau mwenyewe. Naye Baba Mdogo alikuwa amejiheshimu. Kwao wote wawili ilikuwa heshima, na ikawatenganisha vizuri kuliko tusi. Tusi lina mlango wa kutokea. Mtu anaomba radhi, wengine wanaingilia, chai inapikwa. Heshima utaiombea radhi vipi?

Mama alimwambia Baba aende kwa jirani wazungumze. Baba akauliza wazungumze nini, kuna ugomvi gani? Asubuhi alianza kuchelewa kuondoka. Anawasha, anakaa, vioo wazi, anasafisha dashibodi iliyo safi. Akapiga honi kidogo. Ilikuwa honi nzuri, ya heshima, na nadhani nyuma ya nyumba haikujulikana kama ni ya nani. Ile ya mbuzi kila mtu aliijua.

Jumapili zikawa ndefu. Gari jipya lilihudumiwa Ntinda na vijana waliochomeka kimashine chini ya usukani, wakasoma ugonjwa kwenye kioo kama cha simu. Siku moja Baba alifungua boneti nyumbani kwa mazoea tu, akakuta plastiki kubwa nyeusi imefunika kila kitu, haina pa kushika. Akasimama pale na kitambaa chake. Nilitaka kumchekesha, nikamuuliza kama nimletee msasa. Akasema, "Usugue nini humu, mwanangu," akafunga.

Halafu ikatokea ile asubuhi ya mvua, ambayo mimi niliipenda mpaka ilipofika mwisho.

Baba alikuwa amesahau taa usiku kucha. Akageuza ufunguo, kimya. Akageuza tena. Alitoka nje, akasimama kwenye manyunyu, na kabla hajasema neno mwenye nyumba alikuwa barazani. Sauti yake ilipita Kisugu nzima. Milango ikafunguka. Mwalimu akaja, ameinua suruali. Wanafunzi wakaja, wale wa zamani wameshakuwa warefu. Hata wapangaji wapya ambao hawakuwahi kuliona lile gari la Kifaransa walikuja kwa sababu wengine walikuja. Watu walikuwa na furaha isiyoelezeka, kama walikuwa wamekaa miaka wakisubiri kuambiwa wanahitajika. Mwenye nyumba akamuuliza mwalimu, "Ssebo, leo umekula au tukuletee uji kwanza?"

Naye Baba Mdogo akatokea kwenye kona ya nyumba, robota kichwani. Alisimama kidogo. Akalitua robota barazani kwetu, akampa Mama kofia yake, akaja kushoto, mbele, akafungua mlango, akaweka mkono kwenye nguzo. Baba alimwona. Alikuwa ameshaingia ndani na kushika usukani. Baba Mdogo akasema, "Haya, Yaya."

Tukasukuma. Mimi nilikuwa nyuma, nimeweka kiganja kwenye buti, matope yananirukia, na moyoni nilikuwa nimeshapanga kila kitu: gari litawaka, atarukia ndani, watakwenda Ntinda pamoja, Jumapili itarudi. Gari likavuka ule usawa, likashika mteremko. Likaenda. Tulikimbia nalo tukipiga kelele. Baba Mdogo alikimbia kandoni mwake, tumbo linaruka, mkono kwenye nguzo, akisubiri ule mshtuko wa injini ili aruke. Alisubiri kilima kizima. Hakuna kilichoshtuka. Gari liliteremka kwa ukimya kama jeneza linalokwenda kwenye mazishi ya mtu mkubwa, likapita matuta, likasimama lenyewe bondeni kwenye dimbwi.

Kijana mmoja wa boda, amejikinga mvua chini ya kibanda cha muuza mkaa, alikuwa anatutazama. Alituacha kwanza tuvute pumzi.

"Mzee, hiyo ni otomatiki," akasema. "Hata mkiisukuma mpaka Jinja."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nakiri, kwa kuwa kweli tulikuwa watu wazima na watoto wao, tumelowa, tumelileta gari mahali ambapo halina pa kuteremkia tena. Tulikuwa hatujui kuna gari lisilopokea msaada. Baba alishuka. Baba Mdogo alikuwa bado ameshika mlango, anahema. Wakatazamana juu ya paa la gari. Kama walikuwa na la kusema, pale ndipo pangekuwa mahali pake, nao wote wawili walikuwa na midomo wazi, lakini nadhani ilikuwa kwa kukosa pumzi.

Baba Mdogo akaachia mlango, akaufunga polepole, kwa adabu. "Hii gari haijui watu, Yaya," akasema.

Akapanda kilima kwenda kuchukua robota lake. Baadaye ilikuja pikapu yenye nyaya, betri ikaguswa kwa betri, gari likawaka mara moja bila shukrani kwa mtu yeyote.

Walihama kwenda Kawempe kabla ya mwaka kuisha. Mke wake alimweleza Mama kwamba chumba cha kule ni nafuu, na kanisa liko karibu, na Wakongo wenzao wamejaa. Yote yalikuwa kweli. Waliondoka siku ya kazi, Baba akiwa Ntinda, na sijui kama walichagua hivyo. Baba aliporudi alikuta chumba cha nyuma kimefagiliwa, akasema Kawempe si mbali. Alikuwa akilirudia hilo mara kwa mara, wakati wa chakula, bila mtu kumuuliza. Kawempe si mbali. Ni kuvuka mji tu.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, na sasa nina kibanda cha simu Ntinda, karibu na lile lile duka kubwa. Nina ndoto nyingi, marafiki zangu wananitania kwamba ndoto zangu zinahitaji godauni. Moja ni kwamba ningekuwa na mahali, hata kibanda cha mabati, ningekusanya vile vitu: platini, choki, kabureta, vishikio vya dirisha vya kuzungusha kwa mkono. Nikiona mchuuzi wa vyuma amevirundika chini pamoja na vijiko na minyororo ya baiskeli, nasimama. Naviinua, navipuliza. Watu wanadhani nimepagawa. Ningeviweka kwenye shelfu, na mtu akiingia nimweleze kwamba hiki kilisumbua sana, hiki kiliharibika kila wiki, na kwa sababu kiliharibika nilijua majina ya watu wote wa mtaa wetu. Leo mpangaji wa chumba cha nyuma simjui. Ana gari zuri. Tunapungiana mikono kupitia vioo.

Jumapili moja Baba alituambia mimi na Mama tuvae, twende Kawempe. Alikuwa amenyoa ndevu. Mama alichukua sinia aliyoisuka mwenyewe, nyekundu na nyeusi, ya kufunikia chakula. Njiani Baba aliongea sana, alikuwa mchangamfu, alituonyesha maduka kama tulikuwa wageni Kampala. Aliuliza mara mbili kama wanaweza kuwa bado kanisani.

Tuliwakuta. Baba Mdogo alikuwa mlangoni na fulana ya ndani. Alipotuona aliingia kwanza, akatoka tena amevaa shati la mikono mirefu, akilifunga vifungo mpaka shingoni. Akamshika Baba mkono kwa mikono miwili. Tukaingizwa ndani. Mke wake akaondoa vitambaa kwenye viti vizuri, akatandika kitambaa cha kufuma mezani, mtoto wa jirani akatumwa dukani mbio. Zikaja soda, kila mtu na yake, na bilauri zimefutwa mbele yetu. Ukaja wali na kuku, kuku wa watu muhimu, na Baba akapewa firigisi. Baba Mdogo alimkaribisha kila alipoweka kijiko chini. Aliuliza habari za kazi, akaambiwa nzuri. Baba aliuliza habari za vitenge, akaambiwa nzuri. Zamani mtu huyu aliingia jikoni kwetu, akafunua sufuria bila kubisha hodi, akamwuliza Mama leo amepika nini au amechoma plagi tu. Sasa alisimama kila Mama aliposimama. Sinia aliisifu sana, akaitundika ukutani, mahali pa juu.

Nilisubiri mmoja wao aseme kitu. Niliangalia huku na huku kama kuna chombo chochote kilichoharibika mle ndani, redio, taa, kitasa, chochote ambacho wangeweza kukiinamia pamoja. Kila kitu kilikuwa kizima.

Walitusindikiza mpaka kwenye gari, wote wawili, na Baba Mdogo akatufungulia milango. Alisema tusipotee. Baba akasema hapana, Kawempe si mbali.

Kurudi, barabara ilikuwa imejaa, na kwa muda mrefu tulikaa bila kusogea. Baba hakutuonyesha duka lolote. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye ngazi kufungua viatu, akafungua kimoja, akabaki nacho mkononi.

"Wametupokea vizuri sana," akamwambia Mama.

Mama alikuwa anatafuta ufunguo wa mlango kwenye mkoba wake. Aliendelea kuutafuta.